Ukienda Memphis, Anza na Wazoa Taka: Mwongozo wa Kutembelea Makumbusho ya Haki za Kiraia

Wageni wengi wanaofika Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia mjini Memphis, jimbo la Tennessee, hukimbilia kwenye roshani ya Moteli ya Lorraine, jengo ambamo makumbusho hayo yamo. Wanapiga picha, wanaingia ndani, wanazunguka saa moja na nusu, kisha wanashuka Beale Street kula nyama choma. Wanaondoka wakijua mahali alipouawa Martin Luther King, kiongozi wa Weusi wa Marekani katika kudai haki za kiraia. Alichokuwa amefuata Memphis hawakijui, na hilo ndilo jambo lenyewe. King hakuja kutoa hotuba kwa wakubwa. Aliitwa na watu waliokuwa wakibeba taka za mji mabegani, waliogoma kwa sababu wenzao wawili walisagwa ndani ya lori la taka. Nimeupanga mwongozo huu ili ufike kwenye roshani ile ukiwa tayari umekutana nao.

Unahitaji siku mbili. Ukiwa na moja tu, fuata hatua ya kwanza mpaka ya sita.

Hatua ya 1: Chagua siku, kisha nunua tiketi

Makumbusho hufungwa Jumanne. Wengi hawalijui hilo, kwa kuwa wamezoea nyumba za makumbusho zinazofungwa Jumatatu. Kabla ya kukata tiketi ya ndege au treni, fungua tovuti ya makumbusho uhakikishe saa na siku. Tiketi ya mtu mzima ni karibu dola 20, watoto, wanafunzi na wazee hulipa pungufu. Nunua mtandaoni na uchague saa ya asubuhi, milango inapofunguliwa.

Zipo siku mbili za pekee. Ya kwanza ni Jumatatu ya tatu ya Januari, sikukuu ya kuzaliwa kwa King, ambapo watu hufurika na hutaweza kusimama mbele ya kitu chochote kwa utulivu. Ya pili ni tarehe 4 Aprili, siku aliyouawa. Jioni hiyo watu hukusanyika uwanjani mwa moteli, na saa 12 na dakika 1 jioni, dakika ile ile aliyopigwa risasi mwaka 1968, shughuli zote husimama. Kama unaweza kuchagua, chagua tarehe 4 Aprili, lakini ingia ndani ya makumbusho siku moja kabla au baada yake.

Julai na Agosti joto la Memphis ni la kutoa jasho kama Dar es Salaam mwezi wa Februari, na unyevunyevu wa Mto Mississippi unalizidisha. Anayetembea na mzee au mtoto mdogo achague Oktoba, Novemba au Aprili.

Anayetoka Afrika Mashariki atahitaji viza ya utalii ya Marekani. Aanze mapema, maana kusubiri siku ya usaili ubalozini ndiko kunakochukua muda kuliko safari yenyewe.

Hatua ya 2: Namna ya kufika na mahali pa kulala

Kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji ni mwendo mfupi wa teksi. Lakini kama tayari uko Marekani, hasa upande wa Chicago, fikiria treni. Treni ya Amtrak ya kwenda New Orleans huondoka Chicago jioni na kuingia Memphis asubuhi, na stesheni ya Memphis iko South Main Street, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Lorraine. Njia hiyo ya reli ina maana yake. Katika karne ya 20 maelfu kwa maelfu ya Weusi waliihama Mississippi na Tennessee kwa reli hiyo hiyo wakielekea kaskazini, wakikimbia mashamba ya pamba na makundi ya wauaji. Wewe unaipita kinyume chao.

Lala mtaa wa South Main au jirani na Beale Street. Ukilala huko hutahitaji gari siku ya kwanza. Siku ya pili utahitaji gari au teksi za simu.

Hatua ya 3: Yajue haya kabla hujatoka hotelini

Usiku mmoja kabla, keti uisome habari hii.

Tarehe 1 Februari 1968 mvua kubwa ilinyesha Memphis. Wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga nyuma ya lori lao, ndani ya sehemu ya kutupia taka, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kujikinga. Mtambo wa kushindilia taka ukajiwasha wenyewe. Wote wawili wakafa. Lori lilikuwa bovu, na wafanyakazi walikuwa wameshalalamika kuhusu mitambo mibovu.

Karibu wote katika kazi ile walikuwa Weusi. Mshahara ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu aliyefanya kazi wiki nzima bado alistahili msaada wa serikali kwa mafukara. Siku ya mvua waliweza kurudishwa nyumbani bila malipo. Mapipa waliyoyabeba kichwani na mabegani yalivuja, maji ya taka yakawachuruzika shingoni. Tarehe 12 Februari wafanyakazi wapatao 1,300 hawakwenda kazini. Kiongozi wao alikuwa T. O. Jones, ambaye naye alikuwa amezoa taka kabla ya kuanza kujenga chama cha wafanyakazi. Meya Henry Loeb alisema mgomo ni haramu na hatazungumza nao.

Mchungaji James Lawson, mtu aliyekwenda India kujifunza njia za Gandhi na kisha akawafundisha vijana wa Nashville, ndiye aliyemwita King kwa niaba ya wagomaji. King alikuwa akiandaa kampeni kubwa ya maskini wa rangi zote kwenda Washington, na washauri wake hawakutaka apoteze muda Memphis. Alikuja hata hivyo. Tarehe 18 Machi alihutubia maelfu ya watu Mason Temple. Tarehe 28 Machi aliongoza maandamano yaliyovunjika kwa vurugu: madirisha yalivunjwa, polisi walirusha mabomu ya machozi hadi ndani ya kanisa, na kijana wa miaka 16, Larry Payne, akauawa kwa risasi ya polisi. King akaapa kurudi kuthibitisha kwamba maandamano ya amani yanawezekana. Alirudi tarehe 3 Aprili. Siku iliyofuata akauawa, akiwa na miaka 39.

Tarehe 8 Aprili mjane wake, Coretta Scott King, akiwa hajamzika mumewe, alikuja na watoto wake kuongoza maandamano ya kimya ya makumi ya maelfu ya watu mjini Memphis. Tarehe 16 Aprili mji ukakubali kukitambua chama na kuongeza mshahara. Mgomo ulishinda. Wageni wengi hawaisikii sentensi hiyo fupi, kwa sababu masimulizi hukomea kwenye risasi.

Hatua ya 4: Asubuhi, Clayborn Temple na uwanja wa majina

Anzia Hernando Street, kusini kidogo ya Beale. Utakuta mabaki ya kanisa la mawe, Clayborn Temple. Lilijengwa na Wapresbiteri wazungu mwaka 1892, likanunuliwa na kanisa la Weusi la AME mwaka 1949. Mwaka 1968 ndilo lililokuwa makao ya mgomo. Wagomaji walikutana hapa kila siku na kuandamana kutoka hapa, na mabango yaliyosema I AM A MAN, yaani mimi ni mwanamume, mtu mzima, yalichapishwa hapa hapa.

Tarehe 28 Aprili 2025 moto uliliteketeza, wakati kazi ya kulikarabati ilikuwa inaendelea. Paa likaanguka na ndani kukabaki majivu. Kwa hiyo usitarajie kuingia. Simama nje ya uzio. Inauma kuliona, na naamini bado panastahili kutembelewa, pengine kuliko zamani.

Kando yake kuna uwanja uliofunguliwa mwaka 2018, miaka 50 baada ya mgomo. Katikati yamesimama maneno yale manne kwa herufi kubwa za chuma na shaba, marefu kumpita mtu, na unaweza kupita kati yake. Ukutani yamechongwa majina ya wagomaji. Usipige picha ya herufi na kuondoka. Sogea ukutani usome majina, hata ishirini tu, kwa sauti ya chini. Ni watu ambao kwa miaka mingi mji uliwaita kwa jina la kitoto. Baadhi yao waliendelea kuzoa taka hadi uzeeni kwa kukosa pensheni nzuri, na mwaka 2017 ndipo mji ulipoamua kuwapa waliobaki hai ruzuku ya dola 50,000 kila mmoja, kiasi kilichoongezwa baadaye.

Nusu saa inatosha hapa. Kisha tembea kwenda kusini-magharibi hadi Mulberry Street, karibu kilometa moja.

Hatua ya 5: Uwanja wa Lorraine, kabla ya kuingia ndani

Uwanja huu ni wa wazi. Asiye na pesa ya tiketi anaweza kusimama hapa bila kulipa senti, na hilo ni jema.

Mbele yako ni jengo la ghorofa mbili lenye milango ya rangi ya bahari, bango la njano lililoandikwa Lorraine Motel, na magari mawili meupe ya enzi zile yameegeshwa chini. Juu, mbele ya chumba namba 306, kuna shada la maua jekundu na jeupe limefungwa kwenye chuma cha roshani. Chini kuna bamba la kumbukumbu lenye maneno ya Mwanzo sura ya 37, pale ndugu zake Yusufu wanapokula njama ya kumwua mwota ndoto ili waone ndoto zake zitakuwaje.

Moteli hii ilikuwa mali ya mume na mke Weusi, Walter na Loree Bailey, walioinunua mwaka 1945. Wakati huo msafiri Mweusi hakuweza kulala hoteli za wazungu za Memphis, hata awe maarufu vipi. Wanamuziki Louis Armstrong, Ray Charles na Aretha Franklin walifikia hapa. Siku King alipopigwa risasi Bi Loree alipatwa na kiharusi, na akafa tarehe 9 Aprili, siku ya mazishi ya King. Mumewe alikitunza chumba 306 asimpangishe mtu tena. Biashara ikafifia hadi moteli ikapigwa mnada mwaka 1982, na wananchi wa Memphis wakachanga na kukopa wakainunua kwa dola 144,000. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1991. Yaani jengo hili lilinusurika kwa michango, karibu sana libomolewe.

Kabla ya kugeuzwa makumbusho palikuwa na wapangaji. Wa mwisho, mwanamke, alitolewa kwa nguvu mwaka 1988, na kwa miaka mingi baadaye aliketi ng'ambo ya barabara na mabango yake, akisema King angetaka pesa zile ziwajengee maskini nyumba. Ukimkuta yeyote amekaa pale na hoja hiyo, msikilize kwa heshima. Usimpige picha bila ruhusa yake. Hoja yenyewe ni ya haki, na ukitembea mitaa ya South Main ukaona bei za nyumba mpya utaielewa zaidi.

Hatua ya 6: Ndani, saa nne na si mbili

Mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Acha begi kubwa hotelini. Kula vizuri kabla. Kuhusu picha, muulize mhudumu, na usiwashe taa ya kamera.

Chumba cha mwanzo ni cha utumwa. Sakafuni kuna ramani ya biashara ya watumwa kuvuka Atlantiki, na pembeni kuna sehemu iliyojengwa kama tumbo la meli, ambamo mtu anaweza kuinama na kukaa kando ya sanamu za waliofungwa. Inama, ukae. Ukiwa umetoka pwani yetu, ambako Bagamoyo na Mkunazini zimebeba historia yake ya utumwa, utaona tofauti na mfanano kwa pamoja, na hakuna haja ya mtu kukueleza.

Baada ya hapo vyumba vinafuata miaka. Siwezi kukupitisha katika vyote, na si vyote vinavyotaka muda sawa. Hivi ndivyo ningegawa saa zangu.

Kwenye kesi ya Brown ya mwaka 1954, iliyoharamisha shule za kutenganisha rangi, tafuta jina la wakili Thurgood Marshall. Huyu ni wetu kwa namna fulani. Mwaka 1960 alikwenda London katika mkutano wa Lancaster House kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, na akaandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya katiba ya nchi iliyokuwa inaelekea uhuru. Rasimu yake ililinda pia haki za walio wachache, na katika Kenya ya wakati huo hao walikuwa walowezi wazungu na Wahindi. Baadaye, mwaka 1967, akawa jaji Mweusi wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Marekani.

Basi la Montgomery lipo, nawe unaingia ndani. Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekataa kumwachia mzungu kiti mwaka 1955, ameketi kwa sanamu. Ukikaa karibu naye, sauti ya dereva inakuamuru kuhamia nyuma, kwanza kwa kawaida, kisha kwa ukali. Basi alilopanda hasa liko Dearborn, Michigan, lakini hili linafanya kazi yake. Watoto hucheka mara ya kwanza. Mara ya pili hawacheki. Waeleze pale pale kwamba Weusi wa Montgomery walitembea kwa miguu au kupeana lifti siku 381 hadi sheria ya kutenganisha rangi mabasini ikaanguka, na kwamba walioandaa ugomaji ule kwa vitendo walikuwa wanawake, ambao ndio waliokuwa abiria wakubwa wa mabasi yale wakienda kupika na kufua nyumba za wazungu.

Kaunta ya mkahawa inawakumbuka wanafunzi wanne wa Greensboro walioketi tarehe 1 Februari 1960 wakaagiza kahawa na kunyimwa. Kaa hapa muda mrefu. Tazama picha za mafunzo: vijana wanajizoeza kutukanwa na kusukumwa bila kurudisha, kwa sababu hali ile haiji yenyewe, hufundishwa. Kuna kisa cha jirani na kaunta hii kinachotuhusu. Desemba 1963, wiki ambazo Kenya ilipata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Atlanta. Vijana wa kamati ya wanafunzi, ile inayojulikana kwa herufi SNCC, walikwenda kumsalimia hotelini, kisha wakaingia mkahawa wa jirani kunywa kahawa. Wakanyimwa. Wakakaa chini, wakakamatwa. Mgeni kutoka Afrika alihudumiwa hotelini, wenyeji waliozaliwa Georgia hawakuweza kununua kikombe cha kahawa. Kiongozi wa kamati ile, John Lewis, utamkuta tena vyumba vya mbele: jukwaani kwenye maandamano ya Washington mwaka 1963, na kwenye daraja la Selma, Alabama, katika maandamano ya tarehe 7 Machi 1965, polisi wakimvunja fuvu.

Basi lililoungua la Anniston, Alabama, lilichomwa na kundi la wazungu Mei 1961 kwa kuwa lilibeba abiria Weusi na wazungu waliopinga utengano; zaidi ya hapo huhitaji kuelezwa. Lizunguke lote.

Kama uko na watoto walio chini ya miaka kumi, pita haraka panapohusu Emmett Till, mvulana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, na picha za miili iliyonyongwa. Wenye miaka 12 na zaidi waache waone, ila uwe kando yao. Chumba cha Birmingham kinawafaa wote, kwa kuwa Mei 1963 walioingia barabarani wakakabili mbwa wa polisi na mipira ya maji ya zimamoto walikuwa wanafunzi, wengine wa shule ya msingi.

Kisha utafika kwenye lori la taka. Hapa ndipo asubuhi yako itakapolipa. Wageni wengine hulipita wakitazama saa, kwa kuwa wameshachoka na wanaona kitu kinachofanana na gari bovu. Wewe unajua majina ya Cole na Walker. Angalia nyuma ya lori, pale taka zinapoingia, na upime kwa macho nafasi ambayo watu wawili walijibanza.

Hatua chache mbele ni vyumba vya moteli vyenyewe. Chumba 306 unakitazama kupitia kioo: vitanda, kimoja kikiwa hakijatandikwa, vikombe, simu, pazia. Ni chumba cha kawaida na chembamba, alichokishiriki King na rafiki yake Ralph Abernathy. Upande wa pili wa kioo ni roshani, na kutoka hapo unaona alichokiona mara ya mwisho: uwanja, barabara, ukuta wa mawe na migongo ya nyumba za Main Street. Foleni husogea polepole hapa. Usiwasukume walio mbele. Kuna wazee wanaolia, na wengi wao walikuwa hai siku ile.

Hatua ya 7: Ng'ambo ya Mulberry Street

Sehemu ya pili ya makumbusho iko katika nyumba ya wapangaji ambako risasi ilitokea, kwenye dirisha la bafu la ghorofani. Angalia kwanza kama imefunguliwa siku utakayofika. Kuna bunduki ya Remington iliyokutwa, na ushahidi mwingine dhidi ya James Earl Ray, aliyekamatwa uwanja wa Heathrow, London, tarehe 8 Juni 1968, akiwa na pasipoti ya Kanada yenye jina la uongo. Alikiri Machi 1969 akahukumiwa miaka 99, siku chache baadaye akakana, na akafa akiwa bado mfungwa mwaka 1998. Kamati ya Bunge la Marekani ilihitimisha mwaka 1979 kwamba Ray ndiye aliyepiga, ila huenda kulikuwa na njama.

Wapenzi wa upelelezi hukaa hapa kuliko mahali pengine popote. Mimi nashauri dakika thelathini. Umri wa bunduki na pembe ya risasi havikuelezi kwa nini wazoa taka walihitaji mtu kama King.

Hatua ya 8: Kula

Memphis ni mji wa nyama ya nguruwe. Mbavu, mabega, soseji, karibu kila kitu. Mwislamu, Msabato au yeyote asiyekula nguruwe aulize hata kuhusu mboga, kwa sababu sukuma wiki yao na maharagwe mara nyingi huchemshwa na kipande cha nguruwe ndani. Neno "mboga" kwenye menyu halitoshi. Kuku na bata mzinga ni salama zaidi, na pia kambare wa kukaanga kwa unga wa mahindi kwa asiyekatazwa samaki wasio na magamba, kama Msabato, ila uliza pia kuhusu mafuta.

Kwa mlo wenye historia nenda The Four Way, mkahawa wa mtaa wa Soulsville uliofunguliwa mwaka 1946. King alikula hapo alipokuwa Memphis, na hata enzi za utengano wazungu na Weusi waliketi pamoja humo. Ni mbali kwa miguu, kwa hiyo uuache hadi siku ya pili.

Hatua ya 9: Jioni, Beale Street kwa jicho lingine

Usiku Beale ni muziki na taa. Nenda kabla jua halijazama. Kwenye kona ya Beale na Fourth kuna sanamu ya Ida B. Wells, iliyozinduliwa mwaka 2021. Alizaliwa utumwani Mississippi mwaka 1862, akawa mwalimu na mhariri Memphis. Mwaka 1884 alitolewa kwa nguvu kwenye behewa la wanawake, akaishtaki kampuni ya reli, akashinda, kisha mahakama ya juu ikaipindua hukumu. Hayo ni miaka 71 kabla ya Rosa Parks. Machi 1892 rafiki yake Thomas Moss na wenzake wawili waliuawa na kundi la wazungu kwa sababu duka lao la vyakula lilikuwa linashindana na la mzungu. Wells aliandika kwamba unyongaji ulikuwa silaha ya kuwazuia Weusi kusonga mbele, na akawashauri watu wake waihame Memphis. Maelfu walihama. Ofisi ya gazeti lake ikavunjwavunjwa akiwa safarini, na akaonywa asirudi.

Mtaani hapo hapo kuna nyumba ya picha za Ernest Withers, mpigapicha aliyenasa picha mashuhuri ya wagomaji na mabango yao. Ingia, ni ndogo na nzuri. Mwaka 2010 ilifichuliwa kwamba Withers alikuwa akipeleka habari kwa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Nimeona watu wakikasirika na kukataa kuingia. Mimi nadhani picha zake zitazamwe, na habari hiyo ibaki kichwani unapozitazama.

Ukiwa na nguvu za kutembea, panda kaskazini hadi Calvary Church. Kando yake, mahali hapo hapo, Nathan Bedford Forrest aliendesha soko la kuuza watu katika miaka ya 1850, kabla ya kuwa jenerali wa waasi wa Kusini na mkuu wa kwanza wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua Weusi. Bamba la mwaka 1955 lilisema tu kwamba biashara zake zilimtajirisha. Tarehe 4 Aprili 2018 likawekwa bamba jipya linalotaja biashara ilikuwa ya nini. Lisome.

Hatua ya 10: Siku ya pili, Mason Temple na kuendelea mbele

Panda gari hadi Mason Temple, makao makuu ya Church of God in Christ, kusini mwa katikati ya mji. Ni kanisa linalotumika, kwa hiyo piga simu siku chache kabla uulize kama unaweza kuonyeshwa ndani, na vaa kama unayekwenda ibadani. Hapa King alihubiri usiku wa tarehe 3 Aprili. Kulikuwa na tufani. Alikuwa amechoka na anaumwa, akamtuma Abernathy aende badala yake. Abernathy alipoona wazoa taka na familia zao wameivumilia dhoruba kuja, alimpigia simu moteli amwambie watu wanamtaka yeye. King akaja, akasema bila karatasi kwa zaidi ya dakika arobaini, huku upepo ukibamiza madirisha ya juu na kumshtua. Dunia inakumbuka maneno ya mwisho kuhusu mlima na nchi ya ahadi. Sehemu muhimu ya hotuba ile ilihusu pesa: mahali pa kuziweka benki, maziwa na mikate ya kampuni gani isinunuliwe mpaka mji uwatendee haki wagomaji. Isikilize nzima ukiwa garini njiani.

Kutoka hapo The Four Way ni jirani, na ndio wakati wa kambare.

Ukiwa na siku ya tatu na gari, vuka daraja la Mississippi uende Little Rock, Arkansas, zaidi kidogo ya saa mbili kwa barabara kuu ya 40. Shule ya Central High, ambako Septemba 1957 wanafunzi tisa Weusi waliingia wakilindwa na wanajeshi waliotumwa na Rais Eisenhower, ina kituo cha wageni cha Idara ya Hifadhi za Taifa upande wa pili wa barabara, na kuingia ni bure. Kuingia ndani ya shule yenyewe huombwa mapema, kwa sababu bado ni shule yenye wanafunzi.